Damu Tuliyoiita Gogo

Ndugu zangu, mmeniomba nisimame niseme jinsi nilivyopona. Kusimama si shida, siku hizi hata kazi naifanya nimesimama. Shida ni hilo neno kupona.

Miaka ile ya sabini nilikuwa mchonga vinyago hapa Shauri Moyo. Sisi Wakamba wa banda letu tulikaa chini tangu asubuhi, gogo katikati ya miguu, tezo mkononi, midomo haitulii. Mchongaji akitoka damu chooni hakushtuka. Tulisema "amepatwa na gogo," yaani amekaa chini kupita kiasi. Dawa ilikuwa gunia la vumbi la mbao. Linaanikwa juani, kisha unalikalia likiwa na joto. Yaliponipata nami nikalikalia. Rafiki yangu Muthini, aliyechonga kando yangu, akacheka, "Sasa umekuwa fundi kamili!"

Damu haikukoma. Choo kikawa chembamba kama penseli. Tumbo likavimba, nikawa nakimbilia choo cha mtaa na kutoa makamasi na damu tu. Suruali zikaanza kunivuka. Mke wangu Mwende ndiye aliyezifua, na siku moja akaitupa moja yenye madoa ya damu mbele yangu.

"Baba Kioko, hili si gogo. Twende hospitali, ama nimwite kaka yako."

Daktari wa upasuaji alivaa glavu akanipima kwa kidole. Niliona aibu, kisha nikauona uso wake, nikaisahau aibu.

"Nani alikuambia ni kukaa chini?"

"Banda zima, daktari."

"Na banda zima lina madaktari wangapi?"

Hakucheka. Aliniambia ni saratani, iko mwisho kabisa wa utumbo, na lazima aikate na kuiziba njia ya haja. Choo kingetokea tumboni, upande wa kushoto, maisha yangu yote. Nikamwambia afadhali nife.

Mwende akasema, "Mimi sijasema afadhali ufe." Basi nikakatwa.

Jamani, sitawadanganya. Nilipoamka nikaona utumbo wangu mwekundu umechungulia nje, nililia kama mtoto. Kidonda cha chini kilichukua miezi kufunga. Mifuko ya hospitali ya kukingia choo ilipokosekana, Mwende alinifunga karatasi ya nailoni na kitambaa. Hapa kanisani nilikaa nyuma, karibu na mlango, kwa kuogopa harufu. Nililala nikiomba nisiamke.

Daktari yule alikuwa akifanya utafiti. Alitaka kujua, kati yetu aliotukata kwa ugonjwa huu, nani atabaki hai na kwa nini. Kwa hiyo alituita kliniki mara kwa mara. Mwanzoni benchi letu lilijaa, tukataniana kuhusu matumbo yetu. Kisha likaanza kuwa na nafasi. Mwisho nikajikuta nimekaa peke yangu. Nikamwuliza daktari wenzangu wako wapi.

Alivua miwani. "Kila mwaka najifunza kukata vizuri zaidi," alisema, "na kila mwaka mnakuja mmechelewa. Kisu changu kitafanya nini? Nenda wewe bandani kwenu. Mimi hawatanisikiliza."

Nikaenda. Nikasimama mbele ya wachongaji nikapandisha shati. Tezo zote zikawekwa chini. Muthini alikuwa amekalia lile gunia.

"Yako ilianzaje?" akaniuliza polepole. Nikamweleza yote, damu, makamasi, suruali. Akainamisha kichwa. "Basi hata mimi."

Nilimpeleka mwenyewe. Daktari alimfungua, akakuta ugonjwa umefika kwenye ini, akamfunga. Tulimzika kwao Kitui mwezi uliopita.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Mwende, aliyenifunga vitambaa bila kugeuza uso, na daktari, ambaye bado ananiita kliniki. Lakini furaha sina, na sitajifanya ninayo. Ninaloweza kuwaambia ni hili: ukiona damu, usiwaulize wenzako wa kazi, wala usiitafutie jina. Nenda hospitali.

Nilipotoka mazishini nilipitia bandani nilichome lile gunia. Nikakuta limeshaanikwa juani. Nilipouliza ni la nani, kila mtu aliinamia gogo lake.

Kama aliyelianika yumo humu leo, ndugu yangu, nitakuwa pale mlangoni ibada ikiisha. Hutaniambia kitu. Tutakwenda tu.