Gauni Lililokwama Butini, Didia hadi Bulyanhulu

Nilikwenda Bulyanhulu kwa sababu Neema, binti wa marehemu dada yangu Pendo, alikuwa anaolewa, na gauni lake lilikuwa kwangu. Ni lile lile aliloolewa nalo mama yake. Mimi ni fundi cherehani, nikalipunguza kiuno na kubadilisha mikono. Siri hiyo tuliijua Neema na mimi tu.

Saa kumi na mbili asubuhi, Didia, niliweka boksi la gauni kwenye buti la kigari changu kikuukuu. Loki ya buti ilikuwa nzito, nikaimiminia mafuta ya pamba kutoka jikoni, kama ninavyofanya kila wiki. Majirani husema nimpelekee fundi. Fundi wa nini? Nimeendesha miaka kumi na tano, mtu asinifundishe!

Kahama nilikunywa chai bila wasiwasi. Kutoka hapo ilikuwa vumbi tupu, malori mbele na nyuma.

Saa nne nikafika Bulyanhulu. Shemeji Masanja, baba yake Neema, mchimbaji mdogo wa dhahabu, alinipokea uani.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Mama Kulwa. Lete gauni, ibada ni saa nane."

Nikazungusha ufunguo. Wapi! Nikavuta kishikio cha chini ya kiti, nikalipiga buti makofi. Halikuinuka. Neema alisimama mlangoni, ameshasukwa, machozi yanamlenga.

"Mama mdogo, jingine sivai."

Shemeji akaja na mtarimbo.

"Weka chini huo! Utalichana gauni. Tutaingilia ndani."

Tukafungua bolti za kiti cha nyuma. Nyuma yake palikuwa na bati lenye tundu. Boksi halikuweza kupita, lakini shemeji ni mwembamba, amezoea kutambaa chini ya ardhi. Akavaa tochi yake ya kichwani, akazama hadi kiunoni.

"Nani kamwaga uji humu? Loki imegandiana!"

"Mafuta ya pamba," nikasema kwa sauti ndogo.

"Pamoja na vumbi! Ulitaka kuikaanga?"

Aibu ilinishika. Nikampa mswaki na mafuta ya taa kidogo, nikamwambia asogeze boksi kwanza. Akasugua, akasugua tena. Nikazungusha ufunguo, tak! Buti likainuka.

"Shemeji, toka, limefunguka."

Hakutoka. Nikachungulia. Boksi lilikuwa limefunuka, naye amelaza shavu juu ya lesi, mikono ameiweka mbali isilichafue.

"Hili ni la Pendo," akasema, kisha akalia.

Saa nane Neema aliingia kanisani amelivaa.

Kesho yake, nikiwa njiani kurudi, fundi wa Kahama aliosha loki yote kwa petroli, akaipaka grisi kiasi. Mafuta ya pamba sasa yanakaa jikoni. Lakini kuna jingine linaloniuma zaidi. Tangu shemeji aoe tena, nilikuwa nawaambia watu wa Didia kwamba alimsahau dada yangu kabla kaburi halijakauka. Nimeanza kuwapitia nyumba kwa nyumba, nawaambia nilisema uongo.