Mpunga wa Mama Kulwa ulivyompandishia jirani limit ya mkopo

Wakuu, laki mbili. Hiyo ndiyo hasara ya Mama Kulwa msimu uliopita, na nimeipiga hesabu mara mbili kwa sababu ya kwanza sikuipenda. Hii sijasimuliwa, nilikuwepo.

Naishi Buswelu, nanunua mpunga vijiji vya ng'ambo ya Kigongo. Mama Kulwa ni mjane, nanunua kwake miaka. Hakuwa na kitambulisho cha NIDA, kwa hiyo hakuwa na laini ya simu. Hela yake nilikuwa natuma kwa jirani yake, Masanja, wamepakana mashamba. Tusimsingizie mtu, hajawahi kumpunja hata mia.

Mwaka jana mavuno yanatoka tu, Kulwa kachaguliwa kidato cha tano. Godoro, sanduku, nauli, vyote vinataka cash. Mama akauza gunia nne kwa elfu sabini sabini.

Oktoba nafika, gunia liko laki na ishirini, mama hana kitu. Naenda kwa Masanja, nakuta gunia nne zimeshonwa kwa chandarua kilichosokotwa. Ushonaji huo kijiji kizima ni wa mtu mmoja, Mama Kulwa.

"Masanja, mtaji umetoa wapi? Juzi tu ulinikopa vocha."

"Simu inaniamini, boss. Nakopa, nalipa, inaniongezea."

"Inaamini hela za Mama Kulwa zinazopita humo."

"Kwani laini ya nani?"

Nikawasha pikipiki yangu nikaondoka.

Yaani miaka yote malipo ya mama yalikuwa yanamjengea jirani jina. Limit ikapanda, akaja kumnunua mama mwenyewe. Hajaiba, ndiyo maana inakera.

Sasa hivi mama ana NIDA na laini yake. Tukajaribu kuomba mkopo: limit sifuri. Simu haimjui.

Somo langu: mashamba sawa, mvua ile ile, lakini mwenye laini anasubiri bei na asiye nayo anauza siku ya shida. Kama mzazi wako anapokelea hela kwa mtu, kamsajilie yake kabla hujamnunulia kitenge.

Msimu umerudi. Mama ananiambia, "Baba, nipe wewe laki mbili na themanini ya shule, mpunga ubaki ndani mpaka bei ipande." Hela ninayo. Oktoba nikija kuchukua gunia za deni nikizihesabu kwa bei ya leo, mimi ni Masanja mwenye pikipiki. Nikimpa bei ya Oktoba, mtaji wangu unalala bure.

Mnaofanya hii biashara, mngemwekea bei gani kwa gunia? Jibu analitaka Jumamosi.