Kiti Kilichoshushwa

Petroli ilipoadimika Tororo, wanaume wanne tulichanga tukanunua baiskeli moja: mimi fundi cherehani, seremala, muuza nyama, na jirani yetu wa kiwanda cha saruji. Sijaona mali iliyotufaa kama ile. Ilipeleka wagonjwa hospitali, ilileta mihogo kutoka Merikit, na haikuomba hata tone la mafuta. Ilikaa imeegemea ukuta wa duka langu. Sharti letu lilikuwa moja tu: ukiirudisha, shusha kiti hadi chini. Mimi ndiye niliyekuwa mfupi kuliko wote, na sikupenda kuning'inia juu yake kama nguo kwenye kamba.

Jirani wa kiwandani, mrefu kama nguzo ya simu, hakushusha hata siku moja. Nilimgombeza, akacheka, akaniambia nirefuke.

Jumatatu moja alikwenda nayo Busia kutafuta chumvi na sabuni ng'ambo ya mpaka. Hakurudi. Siku zile za utawala wa wanajeshi, mtu akikosekana hukuuliza kwa sauti. Mkewe alikuja dukani kila asubuhi, akautazama ukuta mtupu, akaenda zake. Alitaka kujua jambo moja tu: mumewe yu hai au hayupo.

Alhamisi, nilipotoka msikitini adhuhuri, baiskeli ilikuwa ukutani. Ilikuwa safi, imefutwa vumbi. Furaha ilinijaa, nikamwita mkewe, na wenzangu wawili wakaja mbio.

Yeye hakufurahi. Aliweka kiganja juu ya kiti.

"Bwana yangu hajawahi shusha hii kiti," alisema. "Nani ameleta?"

Kiti kilikuwa chini kabisa. Askari asingejua sharti letu, wala mwizi. Lilijulikana katika nyumba zetu nne tu, na wanaume watatu wa nyumba hizo tulikuwa tumesimama pale. Niliogopa kuwatazama wenzangu. Nao, nadhani, waliogopa kunitazama.

Mama yule alivuta ushungi wake, akasema anaingia eda leo hii.

"Ngoja kwanza, shemeji," tulimsihi mimi na seremala. "Labda iko hai, labda amejificha huko Kenya."

Muuza nyama hakumsihi. Alikwenda nyumbani kwake, akarudi na mkeka, akamtandikia.