Kila Ushanga na Fundo Lake

Jumamosi, Februari. Theluji imeanguka tangu asubuhi, laini kama unga, na treni ya kuja kwetu Hagsätra, huku Uswidi, imechelewa.

Mwanangu, usiucheke mwandiko. Shule yangu ilikuwa fupi na sijui kama haya yanafaa kuandikwa, ila kinywa hunena yaujazayo moyo.

Nakumbuka nilipokuwa binti, nikijifunza kushona kwa Bi Zaituni kule Buyenzi, Bujumbura. Siku moja alinipa gauni la bibi harusi nilitie shanga. Wenzangu walikuwa wakizifunga mojamoja. Mimi nikatunga kiuno kizima kwa uzi mmoja mrefu, nikamaliza kabla ya adhuhuri, nikakaa najiona. Bi Zaituni akalitazama, akachukua mkasi, akakata uzi mahali pamoja tu, akalikung'uta. Shanga zikakimbilia chini ya cherehani, nje ya mlango, mpaka kwa kuku wa jirani.

“Haya, piga vigelegele,” akasema. “Bibi harusi ndiyo anaingia ukumbini.”

Nikalia. Kwa haki niseme, alipiga magoti akaokota pamoja nami. “Kila ushanga na fundo lake, binti yangu. Mmoja ukikusaliti, wenzake wasipate habari.”

Sasa, Oksana, yule msichana wa Ukraini anayekaa ghorofa ya juu yetu, hushindana kuteleza kwenye barafu. Leo kama asingeingia watatu wa kwanza, mama yake alishaamua waache mashindano kabisa. Nguo nimeshona mimi. Kwenye mchezo ule kitu cha nguo kikidondoka, waamuzi wanakata alama, na ukikikanyaga unaweza kuanguka. Mama yake alinihimiza kwa Kiswidi chetu cha kuokoteza: “Mama Rehema, uzi mmoja tu, haraka.” Simlaumu, wasiwasi wa mzazi huo. Nikaendelea na mafundo yangu.

Muziki ukaanza. Akaruka, akajizungusha hewani, akatua, ukumbi ukavuma. Nilikuwa nimeshasimama, mjukuu wangu Aline, aniitaye bibi kwa Kiswidi, akanivuta shali: “Mormor, tulia, watu wanatutazama.” Oksana akaanza kuzunguka kama pia, akauvuta mguu kwa nyuma mpaka juu ya kichwa, na ukirudi chini, chuma cha kiatu kikanasa kiuno cha nguo. Tulikuwa mbele kabisa, nikaona kitambaa kimechanika. Ushanga mmoja ukaning'inia kama jino la mtoto, na alikuwa bado na mruko mmoja.

Akaruka. Akatua. Ushanga ukacheza, haukudondoka. Vigelegele vikanitoka, na Aline, aliyeniambia nitulie, akanizidi sauti.

Wa tatu!

Sisemi ni mafundo yangu. Kuruka aliruka yeye, na binti aliyekuwa wa nne aliteleza vizuri pia, nilimpigia makofi. Oksana alikuja akicheka, akanionyesha kiuno. “Mama Rehema, huyu mmoja mkaidi.”

“Lete nimrudishe kwa wenzake,” nikamwambia.

Mwanangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kazi isiyoonwa na mtu, ifanye kama ndiyo watakayoitazama wote. Na anayekukatia uzi mapema, usimchukie. Mimi nilimnunia Bi Zaituni muda mrefu, na leo ningempigia magoti.

Mungu azishike siku zako, kila moja kwa fundo lake, na moja ikilegea, zilizobaki zisimame.

Jioni tumekula ugali, sombe ya majani ya muhogo na dagaa. Oksana ameomba sombe mara ya pili.