Kiti Kinachotoka Nje

Kwa muda mrefu nilikuwa na gari ambalo halikuwapo. Nililiendesha nikiwa nimeketi barazani kwangu hapa Kasulu, kikombe cha chai kikipoa mkononi, ukungu wa asubuhi ukiwa bado umelala juu ya migomba ya jirani. Lilikuwa jeupe, weupe ule wenye mng'ao kwa ndani, na lilikuwa na viti vya ngozi na paa la kioo. Nilikwisha kupita nalo vilima vyote vya Uha bila kuunguza tone la mafuta. Wenzangu wa maabara hospitalini walizoea kuniita mara mbili ndipo niitike.

Ndoto ilikuwa yangu, lakini safari ilikuwa ya mama.

Mama alianguka akitoka kuchota maji, akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali nilimleta kwangu, na tangu hapo anatembea kwa fimbo, polepole, akizigombeza ngazi kana kwamba zina masikio. Dada yake mkubwa, ambaye kwangu ni mama mkubwa, aliolewa Mabamba, kule Kibondo upande wa mpaka wa Burundi. Yeye naye mgongo umempinda kwa miaka mingi ya jembe, hawezi kupanda basi. Kwa hiyo huyu hawezi kwenda na yule hawezi kuja. Kila jioni walipigiana simu na kupiga kelele kama watu wanaoitana ng'ambo ya bonde, hadi majirani wakaijua bei ya maharage ya Mabamba vizuri kuliko ya Kasulu.

"Nataka nikamwone kabla mmoja wetu hajaondoka," mama aliniambia siku moja, kwa sauti ile ile anayoagizia chumvi.

Tulikwisha kujaribu kukodi gari. Lilikuja gari la juu, lile la kupita kwenye matope bila kuuliza, na mlango wake ulikuwa kifuani mwa mama. Dereva na mwenzake wakamnyanyua, mmoja miguu na mmoja kwapa, khanga ikapanda, watu waliokuwa dukani wakageuka kutazama. Hatukufika hata mwisho wa mji. Mama alisema ashushwe, na aliposhushwa alilia, na mimi nilimfokea dereva kwa maneno ambayo mtu wa hospitali hapaswi kuyajua. Tangu siku hiyo sharti lake likawa moja. Ataingia mwenyewe na atatoka mwenyewe, au Mabamba basi.

Ndipo nikaanza kununua gari kwa kweli, na kununua gari kwa kweli kunachosha kuliko kuota. Kwenye simu yangu yalikuwa yanapita magari usiku na mchana: haya yana kamera ya nyuma, haya yanawaka kwa kubonyeza, haya yana rimu za spoti, haya ni ya daraja la kawaida, haya ni full, yaani yana kila kitu. Kila muuzaji alinitajia ukubwa wa injini. Hakuna aliyeweza kuniambia kiti kiko juu kiasi gani kutoka chini.

Mama ndiye aliyeifupisha ile kazi. Alikaa kitandani kwake, kitanda anachoinuka bila taabu, akaniambia nisimamishe tete pembeni ya godoro, akalitia alama kwa kisu pale lilipokutana na paja lake.

"Chukua hili," alisema. "Kiti kikiwa chini ya hapa, nitaingia lakini sitatoka. Kikiwa juu ya hapa, mtanibeba. Nawe unajua."

Basi nikazunguka na tete. Nilipima teksi stendi. Nilipima gari la daktari mkuu, yeye akiwa kazini, jambo nililolieleza baadaye kwa shida. Magari ya chini, yale mazuri yanayolala barabarani, yote yalizama chini ya alama. Magari ya juu yaliipita kwa kiburi. Nilianza kuelewa kwamba mama yangu anakaa katikati ya dunia ya magari, mahali ambapo hakuna mtu anayejisifia.

Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja mjini, mtu wa asili ya Tanga, mwenye duka la mabati na misumari. Uani kwake huegesha magari mawili matatu anayoyaleta kutoka Dar. Alinikuta nimeinama mlangoni mwa gari, nimeshika tete langu.

"Daktari," alisema, maana mjini kwetu kila mtu wa hospitali ni daktari, "wenzio wanapima cc, wewe unapima makalio?"

"Napima ya mama yangu. Shika adabu yako."

Alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akanipeleka nyuma ya marundo ya mabati, na hapo nikaliona gari langu.

Niseme ukweli, nilishtuka. Lilikuwa ni lile lile la barazani: jeupe lenye mng'ao, la ukubwa wa kati, wala si la juu wala si la chini. Viti vya ngozi nyeusi. Paa la kioo. Nilipofungua mlango lilitoa harufu ya nchi ya mbali na baridi. Nilisimamisha tete pembeni ya kiti cha mbele, na kiti kikakaa sawasawa na alama, kama mtu aliyekuwa akinisubiri.

Niliomba nikae kidogo. Yule mfanyabiashara akaenda kuhesabiana na mteja wa misumari, nami nikabaki ndani, milango imefungwa, sauti za mji zikafifia zikawa za mji mwingine. Niliinua uso. Juu ya kioo wingu lilikuwa linatembea kuelekea Kibondo, bila haraka. Nikaliona gari likiondoka chini ya wingu lile. Nikamwona mama pembeni yangu ameegemea ngozi, mikaratusi ikipita juu ya paji la uso wake, mti baada ya mti. Sijui nilikaa muda gani. Nilipotoka miguu ilikuwa imekufa ganzi na mteja wa misumari alikwisha kwenda zake.

Pembeni ya jeupe palikuwa na jingine la aina ile ile, la rangi ya fedha, ambalo sikulitazama mara mbili. Viti vya kitambaa cha kijivu, rimu za chuma zenye vifuniko vya plastiki, paa la bati kama paa zote za dunia.

"Lile ni daraja la kawaida," mfanyabiashara alisema, akishusha sauti. "Tena lina kasoro. Kiti cha mbele ni cha wagonjwa. Kinazunguka, kinatoka nje ya mlango, kinashuka. Wateja hawalitaki. Nimepanga kukitoa nifunge cha kawaida."

Bei zilikaribiana, kwa hiyo pesa haikuwa neno. Nilimwambia nitamleta mama alione lile jeupe.

Nilimleta Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini. Alivaa kitenge chake cha harusi za watu. Mfanyabiashara alimpa shikamoo ya heshima, akamfungulia mlango mwenyewe. Mama akageuza mgongo, akashuka taratibu, akakaa kwenye ngozi. Urefu ulikuwa sawasawa kabisa. Nikakaribia kupiga vigelegele.

Kisha ikabidi aingize miguu.

Tete lilikuwa limepima kimo. Halikupima kugeuka. Kiti kile cha fahari kilikuwa na mashavu pembeni, yaliyoinuka ili dereva wa mbio asiteleze kwenye kona, na shavu moja lilikaa moja kwa moja chini ya nyonga mbovu. Mama aliinua mguu, mguu ukakataa. Akaushika kwa mikono miwili kama gogo, akauvuta, na uso wake ukabadilika rangi. Mguu mmoja ndani, mmoja nje, akabaki hapo anahema, akinitazama.

"Ngoja nikusaidie," nilisema.

"Usiniguse."

Alitoka peke yake. Ilichukua muda mrefu, na sote tuligeukia mabati tukajifanya tunayasoma. Nilikuwa na hasira. Nililikasirikia gari, nikaikasirikia nyonga, na kwa dakika moja, Mungu anisamehe, nilimkasirikia mama yangu kwa kutotosha ndani ya ndoto yangu.

"Na lile?" mama aliuliza, akilielekezea fimbo lile la rangi ya fedha.

Mfanyabiashara alijikuna kidevu. "Lile, mama, lina kiti cha wagonjwa."

"Mimi si mgonjwa. Mimi ni mzee."

"Ndiyo maana sikukuonyesha."

Nafikiri yule bwana aliona aibu kwa ajili yetu, na aibu ikampa ujasiri. Alifungua mlango wa lile la fedha, akaingia na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, akaketi wima, akabonyeza kitufe. Kiti kikaunguruma kidogo. Kikageuka kutazama nje, kikatoka mlangoni polepole, kikaanza kumshusha yeye na kofia yake na mikono yake juu ya magoti, kwa taratibu isiyo na sababu ya kukimbia, hadi nyayo zake zikagusa ardhi ya Kasulu. Vijana wa dukani waliacha kupakia mabati. Hakuna aliyecheka isipokuwa mama.

"Tazama!" alisema, akipiga paja. "Bwana harusi anateremshwa!"

"Sasa zamu ya bibi harusi," alijibu yule bwana, akainuka, akampisha.

Mama aliketi. Hakuinua mguu hata mmoja. Kiti kilimpandisha, kikamrudisha ndani, kikamgeuza kutazama mbele, na alipotulia pale kwenye kitambaa cha kijivu alishusha pumzi ambayo nadhani aliibana tangu siku ya lile gari la kukodi. Kisha akaomba ashushwe tena. Kisha apandishwe. Nilimwachia kitufe.

Ungefikiri mambo yaliishia hapo. Hayakuishia. Nilirudi barazani na siku kadhaa zikapita nikiendesha jeupe langu. Nilijipangia hoja: pengine fundi angeweza kupunguza yale mashavu, pengine nyonga ingelegea, pengine mama angezoea. Nililipenda lile gari, na mtu wa umri wangu hapendi vitu vingi kwa namna ile. Mama hakuniuliza kitu. Jioni alipiga simu Mabamba, na nilimsikia akimweleza dada yake habari za kiti, namna kinavyotoka, namna kinavyoshuka, kwa urefu na madoido, na upande wa pili sauti ikiuliza, "Kinashuka? Kinashuka chenyewe?" Niliosha kikombe changu, na asubuhi nikaenda kulipia la fedha.

Redio yake haikukamata stesheni zetu vizuri. Kila nilipowasha injini, mwanamke aliyejificha mahali fulani ndani ya dashibodi alisema maneno ya Kijapani kwa upole mwingi. Mama alikuwa akimjibu, "Asante, mwanangu." Tuliondoka alfajiri. Ukungu ulikuwa mabondeni, vilima vikielea juu yake bila miguu, na barabara ikaingia ndani ya weupe ikatoka, ikaingia ikatoka, lami halafu vumbi la matengenezo halafu lami. Mama alifungua kioo akapunga mkono kwa watu wenye baiskeli za mihogo, watu asiowajua hata mmoja, nao wakapunga. Tulipita Kibondo jua likianza kuwa na joto, tukashika njia ya Mabamba, na sikulikumbuka paa la kioo hata mara moja.

Mama mkubwa alikuwa uani. Alisikia injini, akaja kwa hatua zake fupi, mgongo umepinda kiasi kwamba kifua kilitazama chini, kichwa kikielekea ardhini. Alisimama karibu na mlango bila kuweza kuuinua uso. Watoto wa jirani walikuwa wamekwisha kujaa kwenye uzio.

Nilifungua mlango, nikabonyeza kitufe. Kiti kikamgeuza mama, kikamtoa nje, kikaanza kumshusha. Alikuwa ameketi wima, khanga imetulia magotini, mikono miwili ikipiga makofi yale ya taratibu ya salamu yetu, na kabla hajafika nusu ya njia alikwisha kuanza: "Mwakeye, dada. Mwakeye." Mama mkubwa akapiga makofi naye, akijibu huku ametazama chini, akiuliza habari za nyumbani, za watoto, za mguu.

Kiti kiliendelea kushuka. Viatu vya mama vikapita mbele ya macho ya dada yake, kisha magoti, kisha mikono inayopiga makofi, kisha kidevu.

"Simamisha hapo," mama aliniambia. "Usinishushe zaidi."

Nikaachia kitufe. Walikuwa wametazamana, pua kwa pua, mmoja ameketi hewani na mwingine amesimama akiwa ameinama, na makofi yakakoma. Mama mkubwa aliupeleka mkono kwenye shavu la mdogo wake, akaupapasa kwa muda mrefu.

"Siku hizi naona miguu ya watu tu," alisema. "Wanakuja, wanaondoka, naona miguu. Kumbe umezeeka hivi."