Mwanamke Aliyetaja Nyumba Yake

Siku hizi vita vinapiganwa kwa vidole. Kijana anajilaza kwenye kochi, mguu juu ya meza, anaandika kwenye simu kwamba zamani zile tungevuka tu daraja, tungewafagia wale wote, kazi ingekwisha. Ukimuuliza nani hasa angevuka, anacheka. Simlaumu sana. Hakuna aliyemfundisha kwamba swali hilo linataka jibu. Sisi tulifundishwa, na aliyetufundisha alikuwa mwoka mikate, mwanamke mnene mwenye makovu ya moto hadi viwikoni, ambaye kila mtu alimwita Bi Moto. Naandika habari zake kwa sababu jana nililala chini ya paa langu mwenyewe, na bila yeye nisingelala.

Mji wetu una mitaa miwili. Mtaa wa Juu uko kilimani, Mtaa wa Chini uko kando ya mto, na kutoka hapo daraja moja linavuka kwenda ng'ambo. Bi Moto aliolewa Mtaa wa Juu, katika nyumba yenye tanuri la mikate uani. Mimi ni wa Mtaa wa Chini, na ujana wangu wote nilikuwa mkandaji wao wa unga. Shule sikuiona. Kusoma nilijifunza kwenye magazeti ya zamani tuliyofungia mikate, nikisoma habari zilizokwisha kupoa huku mikate bado ya moto. Ndiyo maana akaniita Gazeti.

Pale kwenye meza ya kukandia palikuwa na kanuni ya baba mkwe wake. Ukitaka jambo lifanyike, unataja kwanza mchango wako. Ukisema tuanze kazi mapema, unataja nani atawasha tanuri. Ukisema mikate iongezwe, unataja mikono ya nani. Usipotaja, unanyamaza na kuendelea kukanda. Mzee alipofariki, Bi Moto aliishika kanuni hiyo kuliko alivyoishikilia mzee mwenyewe. Mumewe naye alifariki, akazikwa nyuma ya nyumba, karibu na ukuta wa tanuri. Mwaka uliofuata wale maadui wakaja na bunduki.

Waliingia kutoka upande wa kilima. Walichukua mji wote, juu na chini, nasi tukakimbia kuvuka daraja na tulichoweza kubeba. Wagonjwa na wazee wengi hawakuweza. Walibaki ndani.

Katika mji tulikokimbilia, Bi Moto alikodi gereji iliyokuwa haina magari tena, sakafu yake nyeusi kwa mafuta, akajenga tanuri kwa matofali ya kuokota. Mimi nikarudi kukanda. Wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke mwembamba asiyekubali kushindwa neno, alipanga mikate rafuni. Mwana wa pekee wa Bi Moto akaingia jeshini. Na gereji ile ikawa baraza la watu wetu, kwa sababu ilikuwa na joto na harufu ya nyumbani.

Habari ilikuwa moja tu: tutaurudishaje mji? Bi Moto akaleta kanuni ya meza, akaibadilisha kidogo. Anayesema tupigane, ataje kwanza nani wa kwake atakwenda. Anayesema tuzungumze nao, ataje kwanza kitu gani chake atakubali kukipoteza. Na aliyekwisha kuanza neno lake haruhusiwi kulianza upya.

Ungeshangaa jinsi kelele zilivyopungua.

Fundi saa, ambaye alikuwa mkali kuliko wote, siku ya kwanza alisimama akasema, "Tuwapige! Namtaja mimi mwenyewe!"

"Na huo mguu?" wifi akamuuliza, maana fundi saa alichechemea tangu utotoni. "Utafika upande wa pili vita vikiwa vimekwisha, wenzako wanakunywa chai."

"Basi nitaikuta chai imebaki!"

Tulicheka, lakini alikuwa ametaja, na neno lake likahesabiwa.

Bi Moto mwenyewe alikuwa wa vita. Huo ndio ukweli, na wanaomfanya leo mtakatifu wa amani hawakumjua. Kila mara alisema, "Tuwapige, namtaja mwanangu," akiwa anaingiza mikate tanurini, bila hata kugeuka. Alitaka nyumba yake. Alitaka kufagia kaburi la mumewe.

Kabla ya mvua za mwaka ule mto ulipungua sana. Serikali ikaona wakati umefika wa kuamua, lakini ikaogopa kuamua bila watu wetu, tusije tukafanya fujo baadaye. Ikamtuma mjumbe. Alikuja alasiri, tanuri likiwa linapoa, mtu mpole mwenye sauti ya mwalimu. Akatandaza ramani juu ya meza ya kukandia, ikashika unga pembeni.

Alisema njia ziko tatu. Ya kwanza, kuvuka kwa nguvu, darajani na mtoni, kabla maji hayajajaa. Jeshi linaweza, alisema, lakini mizinga italazimika kwanza kuupiga Mtaa wa Chini, maana wale wamejichimbia humo, na kikosi cha kwanza darajani kitaumia vibaya. Ya pili, kuifunga barabara ya kilimani wasipate chakula wala mafuta. Lakini njaa ingewashika kwanza watu wetu waliobaki ndani, kisha wao. Ya tatu ilikuwa mapatano. Wale walikuwa tayari kuondoka Mtaa wa Chini wote, na soko, na daraja. Mtaa wa Juu ungebaki kwao mpaka mazungumzo mengine.

"Mazungumzo mengine lini?" fundi saa akauliza.

Mjumbe akavua miwani, akaifuta. "Ndugu zangu, sitawadanganya. Sijui."

Wote tukamtazama Bi Moto. Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni na sare yake, yuko likizo, anatafuna kipande cha mkate. Kikosi chake ndicho kilichopangiwa daraja. Hilo sote tulilijua.

Bi Moto akafuta mikono kwenye aproni. "Tuwapige," alisema. "Namtaja..."

Alikuwa amelitamka jina lile mara nyingi kuliko alivyokanda unga wiki ile. Safari hii ramani ilikuwa mezani, daraja limechorwa kwa wino mwekundu, na mtoto yuko mlangoni na makombo kidevuni. Jina lilikataa kutoka.

"Nianze upya," alisema.

"Hakuna kuanza upya!" fundi saa akapiga kelele. "Wewe mwenyewe ulikataza!"

"Leo naruhusu. Gereji nalipa mimi." Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha. "Tupatane nao. Nataja nyumba yangu."

Wifi yake aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Nyumba yako? Wifi, ile ni nyumba ya kaka yangu! Kaka yangu amelala pale! Unamgawa na yeye?"

"Simgawi. Namwacha."

"Kwa ajili ya nani?"

Bi Moto alinyoosha mkono, ule wenye makovu, kuelekea mlangoni.

Kijana alikuwa amekwisha kuwa mwekundu wa macho. "Mama, nani amekwambia mimi naogopa?"

"Wewe huogopi, mwanangu. Ningekuwa na mwana mwoga nisingesumbuka, angejificha mwenyewe. Mimi ndiye naogopa. Na msiniite mwenye hekima," akatugeukia sisi, "mimi nataka tu huyu azeeke, awe na kitambi kama cha babu yake."

Wifi alikaa juu ya gunia la unga. Akamtazama yule mtoto wa kaka yake, ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni alipokuwa mdogo. Mwishowe alisema, kwa sauti ya kukasirika, "Na mimi nataja. Kaburi la kaka yangu. Haya, andikeni, kabla sijabadilika."

Ndipo nilipoona mahali nilipo. Mimi nilitaka mapatano kuliko mtu yeyote, maana nyumba yangu iko Mtaa wa Chini, na ningerudi kwangu bila kupoteza hata mlango. Kwa kanuni yetu, mtu wa namna hiyo hana neno. Nikasimama nikataja chumba changu cha mbele na ua wote, viwe vya Bi Moto na wifi yake, wajenge tanuri humo, wakae hadi mwisho wao.

"Gazeti," Bi Moto alisema, "una panya?"

"Wachache, dada."

"Basi nakubali. Unga bila panya haujulikani kama ni unga."

Mjumbe aliikunja ramani yake na unga wake akaenda. Mapatano yalitiwa saini, wale wakaondoka Mtaa wa Chini, nasi tukavuka daraja kwa miguu, hakuna aliyekuwa amekufa juu yake. Wazee waliobaki ndani walitupokea wamekonda, lakini walitupokea.

Sisemi kwamba wote walishukuru. Fundi saa alikuwa wa Mtaa wa Juu. Alikataa kuingia katika mji nusu, na mkate wa Bi Moto hakuula tena mpaka alipokufa huko ugenini. Hata yeye alikuwa na haki yake. Mazungumzo mengine hayajafanyika hadi leo.

Bi Moto alioka mikate uani kwangu mpaka uzee ulipomshika magoti. Kutoka mlango wangu wa nyuma unaiona nyumba yake kule juu: paa, ukuta wa tanuri, na kamba ya nguo ya mwanamke wa watu wale. Kila asubuhi aliitazama. Tulingoja alie. Alichosema ni, "Yule mwanamke hajui kuanika. Mashuka anayakunja katikati, yatakauka lini?" Mvua ikija alisimama mlangoni akipayuka, "Anua nguo, wewe! Anua!" ingawa hakuna sauti inayofika kule. Wifi yake alimwambia ameanza kuchanganyikiwa. Naye akajibu, "Mashuka ni mashuka."

Wote wawili nimewazika Mtaa wa Chini. Gereji, meza, kanuni, hakuna kilichobaki. Mikate sasa inaletwa na gari, imekatwa vipande, imefungwa kwa nailoni isiyo na la kusoma.

Mwana wa Bi Moto anakaa nyumba chache kutoka kwangu. Ana wajukuu, na ana kitambi kikubwa kuliko cha babu yake. Jioni huja kukaa kwangu, anafungua simu, anaanza: tungewapiga tu, mzee, siku zile mto ulikuwa mkavu, tungevuka asubuhi na kulala Mtaa wa Juu. Damu hunichemka. Nataka kumuuliza anamtaja nani.

Kisha namwona anavyohema kwa unene, makombo kidevuni, mzee mzima, na hasira inaniishia. Namsogezea chai, namwacha aseme mpaka achoke.