Maji ya Kumtembeza Mama

Kuna watu wakikosea wanaomba radhi. Kaka yangu mkubwa akikosea anakuletea maelezo. Nasema hivi nikiwa bado na hasira, na sina mpango wa kuificha.

Mama alivunjika nyonga alipoteleza uani. Madaktari wakamtia chuma, kidonda kikapona, lakini miguu ikagoma. Mtaalamu wa viungo aliyekuwa akija nyumbani kumnyoosha akatuambia:

"Mama atembee mu mayi. Mule mwili haina kilo, ataacha kuogopa."

Tukampeleka kwenye bwawa la hoteli moja mjini. Klorini yake ilinuka tangu getini. Mama ana pumu ya miaka mingi. Hakumaliza hata kushuka ngazi, kifua kikaanza kupiga filimbi na macho yakawa mekundu. Nikamtoa akilia. Mhudumu akanieleza kwamba hiyo harufu ndiyo usafi wenyewe, na kwamba wateja wengine hawalalamiki. Nilimwambia mama yangu hapumui kwa kifua cha wateja wengine, tukaondoka.

Nyuma ya nyumba yetu ya mtaa wa Bel-Air hapa Lubumbashi, aliyotuachia baba, kuna bwawa dogo lililojengwa na wenye nyumba wa kwanza. Tangu utotoni sikuwahi kuliona na maji. Tulikuwa tukiweka humo magunia ya makaa. Nikasema tulifufue, tulijaze maji ya kisima, ila klorini isiguse hata tone. Hapo ndipo kaka alipopata pa kusimama.

Kaka alifanya kazi maisha yake yote kwenye kiwanda cha shaba, katika ule ukumbi ambamo umeme unaitoa shaba kwenye maji ya asidi na kuigandisha kwenye mabamba. Amestaafu, lakini ukumbi haujamtoka kichwani. Shaba, au mukuba kama tunavyoiita huku, kwake ni dawa ya kila kitu. Na safari hii alikuwa na haki nusu, na hiyo nusu ndiyo inayoniudhi zaidi. Ukitundika vipande viwili vya shaba ndani ya maji na kuvipitishia umeme mdogo, shaba kidogo sana inayeyuka, huioni kwa macho, nayo inaua ule utelezi wa kijani. Uchafu mwingine unaachiwa pampu na kichujio cha mchanga. Kaka akafunga vipande vyake, akaviunganisha na chaja ya betri ya gari, na maji yakatakata mpaka unaona nyufa za sakafuni. Hayakunuka kitu. Mama akashuka, mkono mmoja begani kwa kaka, na kifua chake kikabaki kimya. Siku alipotembea kutoka kwenye ngazi hadi ukuta wa pili, nilipiga vigelegele peke yangu kama mwendawazimu. Naliandika na hili, nisije nikasemwa namwonea mtu.

Halafu umeme ukaanza tabia zake. Aliyeishi Lubumbashi hahitaji kuelezwa. Unakatika asubuhi, unarudi unapotaka, na ukirudi kila mtu anakimbilia pasi, friji, pampu, simu. Kaka naye alikimbia, ila yeye alikuwa na sheria yake ya kiwandani: saa zilizopotea lazima zifidiwe, maana kule kulikuwa na tani zinazosubiriwa. Basi umeme ukirudi, anapandisha chaja mpaka mwisho na kuiacha ifanye kazi hata maji yakiwa hayana haja.

"Kuran ilipotea tangu asubuyi," aliniambia, yaani umeme. "Ile masaa tunapashwa kuirudisha."

"Kuirudishia nani, yaya?" nikamuuliza, maana huku kaka mkubwa huitwa yaya. " Hapa kuko mukubwa wa kazi?"

"Mudogo, weye fanya nywele za watu. Mambo ya mukuba, uniachie miye."

Bwawa halidaiwi tani. Shaba ikishaingia majini haikaushwi na jua, haiendi popote, inazidi kujikusanya tu. Kuna vikaratasi vya kuipimia. Unachovya kimoja, rangi inakuambia kama imezidi. Nilimwomba atumie hivyo vikaratasi. Akacheka, akasema yeye shaba anaijua kwa macho.

Mimi ni msusi. Saluni yangu iko mbele ya nyumba hiyo hiyo, na Jumamosi ndiyo siku ya kumwosha mama nywele. Zilikuwa nyeupe pe, na alizipenda hivyo. Jumamosi moja nikamkalisha nje kwenye jua, nikamfungua kitambaa, nikaona kijani. Nikadhani ni jua. Nikaosha tena, nikasuuza, nikamsogeza kivulini. Kijani kile kile, cha yale mawe yanayochongwa mapambo hapa kwetu. Nikaenda bwawani kutazama ngazi. Nazo zilikuwa zimeota madoa ya kijani mpaka chini.

Nikachomoa chaja, nikavuta vile vipande vya shaba na kuvitupa uani kwa kishindo, mpaka wateja wangu wakatoka nje na nywele zikiwa nusu zimesukwa. Kaka akaja mbio.

"Yaya, umemutia mama mukuba mu kichwa!"

"Ile ni rangi tu. Mayi iko safi, haiko hata na kamududu. Unavunja kazi yangu juu ya rangi?"

Ningemsamehe kwa neno moja tu, "pole". Halikumtoka. Badala yake akawaita baba zetu wadogo, wakakaa sebuleni, naye akawaeleza habari za umeme na mabamba mpaka chai ikapoa. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mwisho wakaamua kwamba mtoto mkubwa wa kiume ndiye mwenye neno, na kwamba nywele zinaweza kufungwa kitambaa. Mimi ninayemwosha, ninayemlisha, ninayemgeuza kitandani, niliulizwa jambo moja tu, kama kuna sukari zaidi. Mama alikuwa chumba cha pili na mlango wazi. Naye hakuulizwa.

Kesho yake nilimwaga maji yote. Kaka akanuna na kuacha kuja.

Mteja mmoja kutoka Kasenga, muuza samaki, aliniambia nikiwa namsuka kwamba kwao mtoni wanachota maji ya kunywa pembeni mwa matete, kwa sababu pale ndipo yanapokuwa meupe. Nikauliza huku na huku, nikaambiwa hata mabwawa ya kuogelea yanaweza kusafishwa hivyo. Nikajenga ukuta mfupi wa matofali ndani ya bwawa, upande mmoja nikamwaga changarawe na kupanda matete ya bondeni. Pampu inapeleka maji kwenye mizizi, mizizi inakula uchafu, maji yanarudi upande wa kutembelea. Umeme ukikatika, matete hayafidii saa ya mtu.

Lakini matete hayana haraka. Mwanzoni maji yalikuwa kama ya kuoshea muhogo, na mama akabaki kitandani. Nilimpaka ndimu nywele zake, kijani kikapungua bila kuisha. Miguu ikaanza kukaza tena. Kila nilipomgeuza nilimlaani kaka kwa sauti, naye mama akatazama ukuta.

Hatimaye sakafu ikaonekana. Nikaingia chumbani na habari hiyo.

"Ita papa," mama akasema. Ndivyo anavyomwita kaka.

"Yaya? Baada ya yote? Si niko, mama? Nitakushika."

"Bega yake njo ninazoea. Mwite."

Nilimpigia simu meno yakiwa yameumana. Kaka akaja na kaptula yake ya zamani ya kazini, akatazama matete, akashuka. Nami nikashuka nikimshika mama kiuno. Alipofika majini akaweka mkono begani kwa kaka, akachovya vidole vya mkono mwingine, akavitia mdomoni.

"Sasa haina uchungu," akasema.

"Uchungu ya nini, mama?" nikamuuliza.

"Ile ya kwanza ilikuwa uchungu mu kinywa. Na mu kioo nilikuwa naona nywele."

Nikamgeukia. "Ulijua? Ukanyamaza?"

"Ningelisema, mungelipigana, na miye ningelirudia ku kitanda. Nilikuwa natembea."

Kaka akafungua mdomo, na nikayajua yale maelezo kabla hayajatoka. Mama akamfinya bega.

"Papa, nyamaza," akamwambia. "Tembea."